Shylock Alisomewa Mashtaka Saa Ngapi?



Ndugu msomaji, makala hii inahusu makosa na jinsi tunavyoyataja. Si vizuri kuanza na makosa ya wengine, basi naomba nianze na la kwangu.

Miaka miwili iliyopita nilikuwa nyumbani kwa likizo. Kwetu frateri akirudi likizo hapumziki sana. Atafundisha watoto wa komunyo ya kwanza, atasaidia kwaya, na kwenye jumuiya ndogondogo ataombwa kuandika muhtasari wa kikao kwa sababu mwandiko wake unasomeka. Jumamosi moja, baada ya sala za jumuiya, tulibaki kwa ajili ya taarifa ya mapato. Mhazini wetu, mama mmoja mjane aliyeifanya kazi hiyo kwa miaka mingi, alisimama akasoma taarifa yake. Ikaonekana kwamba mchango wa ujenzi aliosema ameuwasilisha parokiani haumo kwenye orodha iliyosomwa kanisani Jumapili iliyotangulia. Mmoja akauliza. Mwingine akaguna. Wa tatu akasema hela imeliwa. Mama akajibu kwamba stakabadhi anayo, ila iko nyumbani sandukuni, akaomba aende kuichukua. Mwenyekiti akasema muda umekwenda, tutaendelea wiki ijayo.

Mimi, kalamu mkononi, nikaandika kichwa cha ajenda ile: "Wizi wa fedha za jumuiya."

Hakuna aliyeniambia niandike hivyo. Hakuna hata mmoja aliyelitamka neno "wizi" pale kwenye mkeka. Nilitaka tu muhtasari uwe mfupi na unaoeleweka. Wiki iliyofuata, kwa utaratibu wa vikao, muhtasari ulisomwa kwa sauti ili uthibitishwe, na niliusoma mimi mwenyewe. Mama alisikiliza hadi mwisho, akainuka, akaweka daftari la mapato chini, akaondoka bila kusema neno. Siku kadhaa baadaye ofisi ya parokia iligundua kwamba fedha zote zilipokelewa, ila ziliandikwa kwa jumuiya nyingine yenye jina linalokaribiana na letu. Stakabadhi mama alikuwa nayo siku ile, ameifunga kwenye pindo la kitenge. Alikuja kuionyesha. Alipolisikia lile neno hakuona sababu tena.

Nilirudi seminarini na jambo hilo moyoni, nikalipeleka kwenye kitubio, nikadhani limekwisha. Lililolifufua ni kitabu.

Mwaka huu mafrateri wachache tumeunda kikundi cha kusoma. Hukutana jioni ya Jumamosi, baada ya kazi za mikono. Tulichagua Mabepari wa Venisi, tafsiri ya Mtumishi wa Mungu Mwalimu Julius Kambarage Nyerere ya tamthilia ya William Shakespeare, iliyotoka mwaka 1969. Hadithi wengi mnaijua. Bassanio anataka fedha za kwendea kuposa. Rafiki yake Antonio, mfanyabiashara, hana fedha mkononi kwa kuwa mali yake yote iko baharini, hivyo anamkopea dukati 3,000 kwa Shylock, Myahudi mkopeshaji. Mkataba unasema deni lisipolipwa kwa siku yake, Shylock atakata ratili moja ya nyama kutoka mwili wa Antonio. Habari zinafika kwamba merikebu zimepotea, siku inapita, na Shylock anakwenda mahakamani na kisu chake. Portia, mke wa Bassanio, anajigeuza mwanasheria wa kiume na kuingia mahakamani. Anamsihi Shylock awe na huruma. Akikataa, anamwambia: kata, lakini mkataba umetaja nyama tu, haukutaja damu. Shylock anashindwa, Antonio anapona, wengine wanafurahi.

Tulifanya kama tulivyofundishwa sekondari. Tukaorodhesha dhamira, migogoro, wahusika, ujumbe na falsafa ya mwandishi. Kwenye wahusika, mbele ya jina la Shylock, tukaandika: katili, mwenye tamaa, mkosaji mkuu. Kwenye migogoro: mgogoro kati ya Shylock na Antonio, chanzo chake chuki na fedha, suluhisho lake hukumu ya haki. Tulikuwa karibu kufunga vitabu twende kwenye masifu ya jioni. Hapo mwenzetu mmoja, aliyewahi kufundisha Kiswahili sekondari kabla ya kusikia wito, akauliza: "Samahani, mafrateri. Shylock alisomewa mashtaka saa ngapi?"

Tukacheka, kisha tukanyamaza. Tulirudi kwenye onyesho la mahakama tukalisoma upya, safari hii tukiuliza jambo moja tu: katika kila hatua, nani ni nani mbele ya sheria?

Kesi inapoanza, Shylock ni mdai na Antonio ni mdaiwa. Ni kesi ya madai, na mkataba upo mezani. Portia anapoingia hajui yupi ni yupi, inabidi aulize. Lakini mara baada ya kuulizwa jina lake na kulijibu, Shylock anaendelea kuitwa "Myahudi" na karibu kila mtu, hata na anayeshika nafasi ya mwanasheria. Jina la mtu limeondolewa, limewekwa jina la kundi lake. Kisha, madai yake yakishashindwa, anataka kuondoka. Portia anamzuia. Anataja sheria nyingine ya Venisi kuhusu mgeni anayetafuta uhai wa raia. Kwa mistari michache tu yule mdai amekuwa mshtakiwa, na kabla hatujageuza ukurasa amekuwa mwenye hatia. Hakuna aliyemsomea shtaka hilo jipya, hakuna aliyemuuliza anajibu nini, hakupewa wakili. Na huyo anayesimamia jambo lote ni mke wa mtu ambaye deni lile lilikopwa kwa ajili yake. Siku hizi tungesema kuna mgongano wa maslahi.

Tafadhali usinielewe vibaya. Simwoshi Shylock. Kisu alikinoa kweli, na angekata kweli. Lakini hata mtu mwenye kosa ana haki ya kusimama kwenye kila hatua ya njia inayoelekea kwenye hukumu, wala asirushwe kutoka ya kwanza hadi ya mwisho. Tena hukumu yenyewe ituumize sisi tunaojiandaa kwa upadre: miongoni mwa masharti ya kumwachia uhai ni kwamba awe Mkristo. Watu walewale waliohubiri huruma wanafanya ubatizo kuwa sehemu ya adhabu. Mtaguso wa Pili wa Vatikano, katika tamko Dignitatis humanae la mwaka 1965, ulifundisha wazi kwamba mtu hapaswi kulazimishwa kupokea imani. Mwaka huohuo, katika Nostra aetate, ulikataa kuwabebesha Wayahudi wote lawama ya mateso ya Bwana. Sisi tulikuwa tumeandika "hukumu ya haki" na kupiga mstari chini yake.

Na mimi, wenzangu wakiendelea kujadili, nilikuwa nimerudi kwenye ule mkeka. Mama yule alikuja kikaoni kama mtoa taarifa, akaondoka kama mwizi. Alisomewa mashtaka saa ngapi? Hakusomewa. Alisomewa muhtasari.

Ndiyo maana naandika. Nina hoja moja tu. Maneno ya sheria na lawama tunayoyatumia darasani kwenye fasihi ndiyo hayohayo tunayoyatumia jumuiyani, nyumbani na kwenye makundi ya simu. Tukizoea kuyachanganya tukiwahukumu watu wa vitabuni, ambao hawawezi kuumia, tutayachanganya vilevile kwa watu wanaoumia.

Tuyatazame basi. Tuhuma ni dhana iliyotamkwa: kuna mtu anayedhaniwa kufanya jambo. Shtaka ni tuhuma iliyopewa umbo: nani, nini, lini, kinyume cha sheria ipi, na mtu mwenyewe anasomewa ili ajibu. Kosa ni tendo lenyewe. Hatia ni kufungwa kwa tendo lile kwenye mtu huyu, baada ya ushahidi kutolewa na utetezi kusikilizwa. Hukumu ni neno la mwenye mamlaka baada ya hayo yote. Dhambi ni jambo lingine tena. Mafundisho ya Kanisa yanasema ili dhambi iwe ya mauti lazima yawepo mambo matatu pamoja: jambo zito, ufahamu kamili na ridhaa kamili. Kwa hiyo mahakama inaweza kumkuta mtu na hatia bila kujua chochote kuhusu dhambi yake, na padre anaweza kusikia kitubioni dhambi ambayo hakuna mahakama itakayoijua.

Wenye lugha hawakutupa maneno sita ili tuchague lolote linaloanza kuja mdomoni. Katiba ya Tanzania ya mwaka 1977, ibara ya 13, inakataza mtu aliyeshtakiwa kwa kosa la jinai kutendewa kama mwenye kosa hilo kabla hatia yake haijathibitika. Tazama jinsi ibara hiyo inavyohitaji maneno yote matatu, kushtakiwa, kosa na hatia, yakae mbalimbali. Ukiyafanya kuwa neno moja, ibara nzima inapoteza maana. Kanisa nalo linasema hivyohivyo. Sheria za Kanisa kuhusu adhabu, zilizofanyiwa marekebisho na Papa Fransisko mwaka 2021, sasa zinatamka waziwazi kwamba kila mtu ahesabiwe hana hatia mpaka kinyume chake kithibitishwe. Na kanuni ya 220 inamlinda kila mwamini asiharibiwe jina lake jema isivyo halali. Hiyo kanuni ya 220 nilikuwa nimeisikia kabla ya likizo ile. Nilidhani inawahusu maaskofu na magazeti.

Wanaosoma falsafa watafurahi kujua kwamba mchanganyiko huu ni wa kale. Aristotle alipotafuta neno la kueleza kitendo cha kusema jambo fulani kuhusu kitu fulani, alichukua neno la mahakamani. Kwa Kigiriki, katēgorein ni kushtaki, na huko ndiko yalikotoka yale makategoria tunayoyakariri mwaka wa kwanza. Hata aitia, neno tunalolitafsiri "kisababishi" tunapojifunza visababishi vinne, lilikuwa na maana ya lawama, yaani nani wa kulaumiwa kwa jambo hili. Sitaki kujenga nyumba kubwa juu ya asili ya maneno. Nasema tu kwamba kusema "fulani ni hivi" si jambo jepesi kama tunavyodhani. Tangu zamani lilikuwa karibu sana na kumshtaki.

Kiswahili kina hazina yake. Katika mashairi ya kuigiza ya huzuni, Aristotle anasema shujaa huanguka kwa sababu ya hamartia. Neno hilo linatokana na kurusha mkuki au mshale ukapita pembeni. Waandishi wa Agano Jipya walitumia neno hilohilo kwa dhambi. Wanafunzi wengi wa Ulaya huhitaji maelezo marefu kuona uhusiano huo. Sisi hatuhitaji. Tunasema "nimekosa basi", "nimekosa shabaha", na mwanzoni mwa Misa tunajipiga kifua tukisema "nimekosa". Kosa ni mahali ambapo mtu amekosa. Alilenga kitu, hakukipata. Neno letu lenyewe linatuomba tuulize: alikuwa analenga nini? Msomaji wa fasihi asiyeuliza swali hilo hajasoma, amehesabu maiti tu.

Nichukue mfano wa karibu nasi. Rosa Mistika ya Euphrase Kezilahabi, mwenyeji wa Ukerewe, ilitoka mwaka 1971, na kwa muda ilipigwa marufuku mashuleni. Nimeona madaftari ya wanafunzi waliouchambua. Mbele ya jina la Rosa wengi huandika "malaya". Basi, imekwisha. Lakini riwaya inaanza na binti anayepigwa vibaya na baba mlevi kwa sababu ya barua ya mvulana, binti aliyelelewa kwa hofu tu, kisha akatoka kwenda kwenye uhuru asiojua kuutumia. Mwandishi hasemi Rosa hakukosa. Anatuwekea mbele yetu swali la chanzo, na wanaume kadhaa wazima ambao daftari la mwanafunzi halikuwapa jina lolote. Hebu jaribu: neno "malaya" kwa mwanamume ni lipi? Tunalo "mhuni", ambalo wakati mwingine linasemwa kwa tabasamu. Pale ambapo lugha ina jina la mshtakiwa mmoja tu kwa kosa la watu wawili, msomaji lazima amtafute wa pili yuko wapi.

Injili ya Yohane, sura ya 8, inafanya jambo hilo. Wanamleta mwanamke aliyefumaniwa. Torati, katika Walawi sura ya 20, iliwataja wote wawili, mwanamume na mwanamke. Wameleta mmoja. Bwana hasemi kosa halikuwepo, na mwishoni anamwambia asitende dhambi tena. Lakini kwanza anawafanya washtaki wajitazame, na wote wakishaondoka anamuuliza mwanamke kama kuna aliyemhukumu. Kosa linabaki kuwa kosa, na hukumu inakataliwa. Bwana ametenganisha maneno mawili ambayo umati uliyafunga kwenye jiwe moja.

Na kuna Susana, katika kitabu cha Danieli, sura ya 13, ambayo sisi Wakatoliki tunayo kwenye Biblia zetu. Wazee wawili, waamuzi wanaoheshimika, wanamsingizia uzinzi kwa sababu amewakataa. Umati unaamini kwa kuwa ni wazee. Anapelekwa kuuawa. Danieli, kijana tu, anapaza sauti na kuuzuia msafara wote. Kisha anafanya jambo ambalo kila mwenyekiti wa jumuiya angeweza kulifanya: anawatenganisha mashahidi, anamuuliza kila mmoja peke yake aliwaona chini ya mti gani. Kila mmoja anataja mti wake. Susana anaokoka.

Ndani ya Mabepari wa Venisi, Shylock mwenyewe, akidhani Portia yuko upande wake, anamsifu kuwa ni Danieli. Baadaye mmoja wa wapinzani wake anamrudishia sifa hiyo kwa kejeli. Kwa kweli siku ile mahakama ilimhitaji Danieli, lakini Danieli aliuliza maswali. Portia, kwa akili zake zote, alikuwa na jibu kabla ya kuingia.

Sasa najua pingamizi linalokuja, na ni zito. Wapo watakaosema: frateri, wewe unatulegeza. Fedha za waamini zinaliwa kweli. Watoto wanadhulumiwa kweli, na wakati mwingine na watu wanaoheshimika, hata ndani ya Kanisa. Maneno laini ndiyo yaliyowaficha. "Ni tuhuma tu" ndiyo sentensi iliyofunga milango kwa miaka.

Ni kweli, nami sitaki makala hii itumike kufunga mlango wowote. Lakini tazama vizuri jinsi uovu unavyofichwa. Unafichwa kwa maneno yasiyo sahihi, sawa na jinsi mtu asiye na kosa anavyochafuliwa kwa maneno yasiyo sahihi. "Binti amepata ujauzito" ni sentensi isiyo na mtenda, kana kwamba mimba ilianguka kama mvua. "Shetani alimpitia" inampa kosa mtu ambaye hawezi kuitwa mahakamani. "Tuyamalize kifamilia" inaficha kwamba kuna kosa la jinai ambalo familia haina mamlaka ya kulimaliza. Mtoto aliyedhulumiwa anahitaji neno kamili litamkwe, tuhuma yake ipokelewe siku hiyohiyo kama tuhuma nzito, na ifikishwe panapostahili ili iwe shtaka. Tuhuma ni mwanzo wa njia. Anayeifanya iwe hukumu papo hapo na anayeikalia isiende popote wote wawili wamezuia njia ileile.

Wengine watasema: haya ni ya mahakimu, na sisi ni watu wa kawaida. Lakini mwaka 2021 Bunge la Tanzania lilibadilisha sheria ili Kiswahili kiwe lugha ya sheria na ya mahakama. Maneno tunayoyachezea vijiweni ndiyo ambayo hatima ya mtu inaandikwa kwayo. Na hata kama hatutakanyaga mahakamani maisha yetu yote, kila jumuiya ina kikao, kila familia ina baraza, kila kundi la simu lina majaji zaidi ya mahakama yoyote. Sisi waseminari tuna sababu ya ziada. Siku moja, Mungu akipenda, watu watapiga magoti mbele yetu na kutuambia makosa yao. Kijana anayeandika "wizi" kwa sababu neno ni fupi hajawa tayari kukaa kwenye kiti hicho. Najisema mwenyewe.

Kwa walimu wa fasihi wanaotusoma, ombi langu ni dogo. Kabla mwanafunzi hajaandika "mkosaji" au "mnafiki" mbele ya jina la mhusika, aulizwe maswali manne. Nani anamshtaki? Kwa neno gani? Kuna ushahidi gani ndani ya kitabu? Mwenyewe amejibu nini, au kwa nini hakupewa nafasi ya kujibu? Mwanafunzi akimaliza maswali hayo na bado akasema ni mkosaji, aandike bila woga. Fasihi haipo ili wote watoke wakiwa wasafi. Na kwenye mgogoro wa nafsi, ule ambao huwa tunauandika mwishoni kwa mstari mmoja ili kutimiza idadi, tukae hapo zaidi. Ndipo mhusika anapojishtaki, kujitetea na kujihukumu mwenyewe, na msomaji anajifunza kuchunguza dhamiri bila kujua kwamba anafundishwa.

Kwa wanajumuiya: muhtasari uandike kilichotokea. Kama fedha hazionekani, andika "fedha hazijaonekana kwenye orodha". Kama mtu ametuhumiwa, andika nani ametuhumu, na jibu la mtuhumiwa liandikwe palepale chini yake. Anayeomba kwenda kuchukua stakabadhi, apewe dakika ishirini. Dakika ishirini zingetosha kwetu.

Na kwangu mwenyewe nimejiwekea utaratibu: ninapomtaja mwingine, nitumie neno lisilozidi ninachokijua, na ninapojitaja mwenyewe kitubioni, nisitafute neno lililopungua. Mara nyingi nimefanya kinyume. Nilimwita mama yule jina zito ndani ya dakika moja, lakini mbele ya padre nilisema "kulitokea kutoelewana kidogo kwenye jumuiya". Ilibidi nirudi kitubioni mara ya pili, miezi mingi baadaye, ili nilitaje kwa jina lake: nilimsingizia mtu.

Likizo iliyopita nilikwenda kwake. Nilikuta anachambua mchele uani. Nilimwamkia, akaitikia, akanipa kigoda. Nikamwambia nilichokuja kusema. Alinisikiliza bila kuacha kuchambua. Kisha akasema: "Frateri mwanangu, nilishakusamehe, usiteseke. Lakini lile daftari bado lipo?"

Nikamwambia lipo, kwa katibu.

"Na lile neno?"

Lipo.

"Basi hapo ndipo pa kwenda," akasema.

Nilikwenda. Nilitamani kuchana ukurasa ule, lakini katibu akanikatalia, na alikuwa na haki: kumbukumbu za vikao hazichanwi. Tulikubaliana niandike chini yake, kwa mwandiko uleule unaosomeka, kwamba kichwa cha ajenda kilikuwa cha uongo, kwamba mwandishi ni mimi, na kwamba fedha zote zilifika parokiani kwa mkono wa mama yule. Jumamosi iliyofuata nilisoma maneno hayo mbele ya jumuiya yote, nikiwa nimesimama.

Mama hakuwepo. Siku hizi anasali na jumuiya ya upande wa pili wa barabara, na watu wa kule wamemfanya mhazini.

Mwandishi ni frateri wa mwaka wa tatu wa Falsafa.